Sura ya Saba: Mzaha na Wizi Hupita Mlango Mmoja

Gemu inaweza kufika Kiongoroni au Mbuchi, katika delta ya Rufiji, bila kupitia intaneti hata kidogo. Inatoka kwenye simu ya kijana aliyekuwa Mbagala, inarushwa kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, kwa mwenzake wa Kibiti mjini, inaingizwa kwenye kadi ya kumbukumbu katika kibanda cha kuchaji simu, kisha inavuka kwa boti kutoka Nyamisati. Ikifika kisiwani imeshapita mikono mingi, na hakuna anayeweza kuitaja yote. Njia hii imejengwa na bei ya bando na uhafifu wa mtandao katikati ya mikoko, wala si uzembe wa vijana. Lakini njia hiyohiyo hubeba pia programu za mzaha zilizovalishwa sura ya zana za gemu. Faili linapewa jina la kuongeza almasi za gemu ya Free Fire, la kufungua wachezaji wote wa gemu ya mpira, au la kutabiri mchezo wa kamari wa kindege. Likifunguliwa, skrini inajifanya imepasuka, sauti ya kutisha inalia, simu inatetemeka bila kukoma, na waliozunguka wanacheka. Jioni hiyo kila mtu ameshalisahau. Faili lenyewe bado limo ndani ya simu, na ruhusa lilizopewa bado zinafanya kazi.

Hoja yangu katika sura hii ni moja. Kwa upande wa ufundi, programu ya mzaha na programu ya wizi ni kitu kimoja. Zote mbili zinataka mwenye simu adanganywe kuhusu jina la faili, aliruhusu liingie, kisha alipatie faili hilo mamlaka ambayo asingelipatia kama angejua kazi yake halisi. Kinachozitofautisha ni nia ya mtu aliyezituma, na nia haikai ndani ya faili. Faili likisharushwa kutoka simu hadi simu, kusudi la kuchekesha alilokuwa nalo wa kwanza halimfikii wa kumi, ila mamlaka yanamfikia yote. Mzaha na wizi hupita mlango mmoja, na anayewazoesha wenzake kuufungua mlango huo ili wacheke anamfanyia kazi mwizi ambaye hata hamjui.

Historia ya programu hizi inathibitisha hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1982, mwanafunzi wa sekondari wa miaka 15 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, aitwaye Rich Skrenta, aliandika programu ya Elk Cloner kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Siku hizo gemu zilisambaa kwa disketi zilizopita mkono kwa mkono kati ya marafiki, kama kadi za kumbukumbu zinavyopita leo kati ya Bungu, Kibiti na visiwa vya delta. Skrenta alikuwa amezoea kuzichezea disketi za wenzake ili gemu zigome au zitoe maneno ya kejeli, mpaka wenzake wakachoka na kumkatalia kuzigusa. Elk Cloner ilikuwa jibu lake. Ilijinakili yenyewe kutoka disketi moja hadi nyingine bila yeye kuzishika, na disketi ilipowashwa kwa mara ya 50 ilionyesha shairi fupi la utani. Tuone mambo mawili hapa. Kwanza, mzaha huu ulianza pale ambapo ridhaa ilikuwa imeshakwisha, kwa kuwa programu ilibuniwa ili kukwepa kukataa kwa watu. Pili, Skrenta hakukusudia kuharibu chochote, lakini disketi ambazo hazikuwa na mpangilio wa kawaida wa mfumo wa Apple zilifutwa sehemu zake za akiba na maandishi ya programu hiyo. Hakuzijua disketi zote ambazo kazi yake ingezifikia, na hakuna mtunzi wa programu ya kujisambaza anayeweza kuzijua.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Machi 1998, mtaalamu wa programu wa Sweden, Carl-Fredrik Neikter, alitoa programu iitwayo NetBus, akasema ni ya kufanyia watu mizaha. Aliyekuwa nayo aliweza, akiwa mbali, kufungua trei ya CD kwenye kompyuta ya mwingine, kubadilisha kazi za vitufe vya kipanya, au kutoa ujumbe wa kushtua kwenye skrini. Lakini uwezo huohuo uliiwezesha NetBus kunakili kila herufi iliyobonyezwa, kupiga picha ya skrini, na kuchukua au kuweka mafaili. Njia mojawapo iliyotumiwa kuisambaza ilikuwa kuificha ndani ya gemu ndogo ya kugonga fuko. Mtu alicheza, akafurahi, na kompyuta yake ikabaki wazi kwa mgeni. Mwaka 1999, kwenye kompyuta ya kazini ya mtafiti wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lund, nchini Sweden, zilikutwa picha 3,500 za unyanyasaji wa kingono wa watoto. Alipoteza nafasi yake ya utafiti, jina lake likachapishwa, akaikimbia nchi, na akahitaji matibabu kwa msongo uliompata. Mahakama ilimwachia huru mwishoni mwa mwaka 2004, ilipoona kwamba NetBus ilitumika kuitawala kompyuta yake. Programu iliyotangazwa kuwa ya kuchekesha ilimvunjia mtu heshima, kazi na afya, na ilichukua miaka mitano ukweli kutambuliwa.

Tangu hapo majina yamebadilika, utaratibu umebaki uleule. Julai 2016, dunia ilipopagawa na gemu ya Pokémon Go, wataalamu wa kampuni ya usalama ya ESET waligundua programu iitwayo Pokemon GO Ultimate ndani ya duka la Google lenyewe. Ilipofunguliwa iliifunga skrini kabisa, mwenye simu akalazimika kutoa betri au kuizima simu kwa nguvu. Angeweza kudhani ni utani mbaya uliokwisha. Kumbe simu ilipowashwa tena, programu iliendelea kimyakimya kubonyeza matangazo ya ponografia ili wenye programu walipwe, na bando lililoteketea lilikuwa la mwenye simu. Aprili 2018 ikaonekana programu nyingine iliyofunga mafaili ya kompyuta na kumtaka mwenye kompyuta acheze gemu ya PUBG kwa saa moja ndipo afunguliwe. Kwa kweli sekunde chache za kuiwasha gemu hiyo zilitosha, na namba ya kufungulia iliandikwa palepale kwenye skrini. Wengi waliiona kichekesho, lakini kabla ya kichekesho kuonekana mafaili yalikuwa yameshafungwa. Aliyeweza kuyafunga kwa mzaha aliweza kuyafunga kwa kudai fedha, na mwathirika asingekuwa na la kufanya.

Kwenye simu janja tunazotumia, mlango niliousema una sehemu mbili. Ya kwanza ni ruhusa ya kuingiza programu kutoka nje ya duka rasmi. Katika simu za Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, ruhusa hiyo hutolewa kwa programu moja moja. Mtu akiipokea gemu kwa Xender, simu inamuuliza kama anaiamini Xender kuingiza programu, naye anakubali ili acheze. Ruhusa hiyo haijifungi yenyewe baada ya gemu kuingia, inabaki wazi mpaka mtu aizime kwa mkono wake. Sehemu ya pili ni ruhusa ambazo gemu yenyewe inaziomba: kusoma ujumbe mfupi, kuona namba za watu, kutumia kamera na maikrofoni, kuchora juu ya programu nyingine. Iliyo nzito kuliko zote ni ile ya huduma za ufikivu, iliyowekwa ili kuwasaidia watu wenye ulemavu wa macho au wa viungo. Programu iliyopewa ruhusa hii inaweza kusoma maandishi yanayotokea kwenye skrini, yakiwemo majibu ya menyu ya pesa, kufuatilia kinachoandikwa, na kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwenye simu. Programu ya mzaha inayotaka kuitetemesha simu isizimike, au kuufunika uso wote wa skrini, huwa na sababu inayoonekana ya kuomba ruhusa za aina hii, na kijana anazikubali moja baada ya nyingine kwa haraka ya kucheza.

Wapo wanaosema kwamba wao humwamini aliyewarushia. Imani hiyo ni jambo jema kati ya jirani na jirani, lakini haimfikii mtunzi wa faili. Agosti 2021, kampuni ya Kaspersky ilieleza kwamba toleo mojawapo la FMWhatsApp, programu ya WhatsApp iliyochezewa na watu wa nje, lilikuwa limebeba kirusi cha Triada, chenye uwezo wa kuingiza programu nyingine hasidi, kusoma ujumbe na kumuunganisha mwenye simu na huduma za kulipia bila idhini yake. Kirusi hicho kilipenya pamoja na kipande cha programu ya matangazo. Kwa maneno mengine, hata aliyeichezea WhatsApp huenda hakujua alichokibeba, sembuse aliyeipakua, sembuse fundi aliyeiweka kwenye kompyuta yake ya kibandani, sembuse jirani aliyekurushia akidhani anakupa kitu kizuri. Uaminifu wa wa mwisho katika mlolongo haumsafishi wa kwanza.

Tuziangalie sasa zana zenyewe ambazo vijana huahidiwa, kwa sababu hapa ushahidi hauhitaji maabara. Almasi za Free Fire hazikai ndani ya simu ya mchezaji. Zinahesabiwa kwenye seva za kampuni ya Garena, na hakuna faili la kurushwa kwa Xender linaloweza kuandika hesabu mpya huko. Mchezo wa kindege, yaani Aviator wa kampuni ya Spribe, hupata matokeo ya kila raundi kwa kuchanganya namba ya siri ya seva na namba zinazotoka kwa wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau katika raundi hiyo. Kwa kuwa namba za wachezaji hazijulikani kabla hawajaweka dau, hakuna programu ya nje inayoweza kutangaza mapema kindege kitaondokea wapi. Basi kila programu ya kuongeza almasi na kila programu ya kutabiri kindege imedanganya tangu kwenye jina lake. Haiwezi kufanya ilichoahidi, kwa hiyo lipo jambo jingine lililomfanya mtunzi wake aitengeneze. Pengine ni kucheka, pengine ni matangazo, pengine ni kumwelekeza mchezaji kwenye tovuti ya kamari ya kughushi au kuchukua namba zake za siri. Mwenye simu hana namna ya kujua ni lipi, na hiyo pekee inatosha kumfanya akatae.

Kwa nini jambo hili liwe zito zaidi Kibiti na Rufiji kuliko mjini Lund? Kwa sababu ya kile ambacho simu imekuwa huku. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata na huduma zao, simu imechukua nafasi ya benki ambayo haikuwahi kujengwa Maparoni wala Msala. Mvuvi wa kamba na mchuuzi wa kaa hulipwa kwa simu. Mkulima wa korosho, ambaye mauzo yake hupitia stakabadhi ghalani na mnada, hulipwa kwenye akaunti ya benki, na wengi wameiunganisha akaunti hiyo na simu. Mweka hazina wa kikoba huweza kuwa na akiba ya wanawake wengi chini ya namba moja ya siri. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo simu ni utambulisho pia. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, simu ilikuwa njia ya kuita msaada, kuwatafuta ndugu na kupokea fedha kutoka kwa walio mbali. Na simu hiyo, katika nyumba nyingi, si ya mtu mmoja. Mama anaitumia kwa biashara, jioni mtoto anachezea gemu. Anayeruhusu faili la mzaha liingie ni mtoto wa darasa la saba, na kinachowekwa hatarini ni ada ya dada yake na akiba ya kikoba ambacho yeye hajui hata kinakutana siku gani.

Lipo pia jambo la heshima na usalama wa mtu, ambalo watu wa wilaya hizi wanalielewa kwa uchungu. Mwaka 2016 na 2017, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipitia mauaji ya viongozi wa vijiji, wanachama wa vyama vya siasa na askari. Aprili 13, 2017 peke yake waliuawa askari polisi wanane. Serikali iliunda kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, pikipiki zikazuiwa kutembea usiku, na watu wakaishi katika hofu, kila mmoja akijiuliza jirani yake ni nani. Mahali palipopitia hali hiyo panajua gharama ya tuhuma. Programu inayoweza kutuma ujumbe kwa jina lako, kuweka picha ndani ya simu yako, au kupiga simu bila wewe kujua, inaweza kukuhusisha na jambo ambalo hukulifanya. Mtafiti wa Lund alikuwa msomi wa sheria, katika nchi yenye wataalamu wa kuichunguza kompyuta yake, na bado alihangaika miaka mitano. Mvuvi wa Salale atamwita nani amchunguzie simu?

Sasa nijibu wanaopinga, maana hoja zao si za kudharau. Ya kwanza ni kwamba huu ni utani tu, na watu wa Pwani ni watu wa utani tangu enzi. Ni kweli, na ndiyo sababu tuuheshimu utani kwa kanuni zake. Mtani anajulikana ni nani na wa kabila gani. Anakutania usoni, mbele ya watu, na wewe una haki ya kumrudishia. Hata msibani, mtani anayezuia shughuli mpaka apewe kitu anafanya hivyo hadharani, akijua mipaka, na utani ukiisha anabaki kushiriki mazishi. Programu ya mzaha haina hata moja kati ya sifa hizo. Aliyeitunga hajulikani, aliyedanganywa hakupewa nafasi ya kukubali wala kurudisha, na mzaha wenyewe haukomi watu wakishacheka, kwa sababu ruhusa zinabaki. Anayeutetea kwa jina la utani wetu anaukosea utani heshima.

Pingamizi la pili husema: simu yangu ni ya bei ndogo, haina cha kuibiwa, na namba ya siri sijampa mtu. Bei ya simu haihusiani na thamani ya kinachopita ndani yake. Mwizi hataki kifaa, anataka laini, ujumbe, orodha ya namba na muda wa kutumia bando lako. Hata simu isiyo na senti ina majina ya watu wanaokuamini, na ujumbe wa kuomba fedha ukitoka kwenye namba yako, shangazi yako aliye Temeke atatuma bila kuuliza. Ama kuhusu namba ya siri, tumefundishwa vizuri kutoitamka kwa mtu anayepiga simu akijifanya wa huduma kwa wateja, na somo hilo limeokoa wengi. Lakini somo hilo lilimhusu mwizi anayeuliza. Programu yenye ruhusa ya ufikivu haiulizi, inakaa ikisubiri uandike.

La tatu ni pingamizi la walimu na vijana wenye vipaji: kwamba kuchezea programu ndiko kunakozaa wataalamu, na tukikataza mizaha tutaua udadisi. Wanaweza hata kumtaja Skrenta, ambaye alikuja kuwa mjasiriamali wa teknolojia na kushiriki kuanzisha injini ya kutafutia habari ya Blekko. Nakubaliana nao kwamba udadisi ni mali, na kijana wa Kibiti sekondari anayejaribu kuelewa faili la APK, yaani faili la programu ya Android, limeundwaje anastahili kutiwa moyo, kupewa kompyuta na mwalimu wa TEHAMA. Lakini kilichomjenga Skrenta ni ustadi wa kuandika programu, na ustadi huo haukuhitaji kuwadanganya marafiki zake. Tena disketi ya mwaka 1982 haikubeba akaunti ya benki ya familia wala kitambulisho cha taifa. Kijana ajaribu kwenye simu yake mwenyewe, au ya mwenzake aliyeelezwa na kukubali, naye atajifunza yaleyale yote. Kitu pekee atakachokikosa ni mazoea ya kuwahadaa watu, na hayo si elimu.

La nne ndilo zito kuliko yote: bando ni ghali, mtandao ni hafifu, na ukimwambia mtu wa Msala apakue kila kitu kutoka duka rasmi unamwambia asiwe na gemu kabisa. Mtu anayetoa ushauri wa usalama bila kuzingatia gharama hiyo anawasemea matajiri. Lakini kurushiana programu na kurushiana programu zisizojulikana ni mambo mawili tofauti. Play Store iliwahi kuwa na kipengele cha kushiriki programu kilichozirusha kutoka simu moja hadi nyingine iliyo karibu bila kula bando, na programu zilizopita humo zilikuwa zile zilizotoka dukani zikiwa na sahihi inayoweza kukaguliwa. Hata pasipo kipengele hicho, mmoja akipakua gemu halisi kutoka dukani mara moja pale Kibiti mjini, anaweza kuwagawia wenzake wote wa delta, nao wakajua ilikotoka. Duka nalo si kinga kamili, kama Pokemon GO Ultimate ilivyoonyesha, ila humo programu hukaguliwa na ikigundulika huondolewa. Faili lililo kwenye kadi ya kumbukumbu halina wa kuliondoa. Mafundi simu na wenye vibanda vya kuchaji wana nafasi kubwa hapa, kwa sababu wao ndio lango la gemu nyingi. Fundi anayekataa kuweka zana za kutabiri na za kuongeza almasi kwenye kompyuta yake anawalinda watu wengi kwa siku moja kuliko semina.

Sheria nayo haimwachii mtu kwa sababu alikuwa anatania. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 2015, inahesabu kuwa ni kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mwingine kwa makusudi na bila haki, na simu imo katika maana ya mfumo huo. Kosa hilo lina faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kijana anayemrushia mwenzake programu ya kumchungulia simu ili wacheke anapaswa kulijua hili kabla, na wazazi wake pia. Ila nisingependa tuitegemee sheria kama kinga ya kwanza. Inakuja baada ya hasara, inahitaji ushahidi ambao mtu wa visiwani atapata tabu kuukusanya, na mara nyingi inamkuta aliyerusha faili mwisho, wakati aliyelitunga yuko nchi nyingine. Kinga ya kwanza ni mwenye simu kukataa.

Kukataa huko kuna hatua zinazoweza kufanywa leo, bila bando. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye sehemu ya ruhusa ya kuingiza programu zisizojulikana, na uizime kwa kila programu iliyoorodheshwa humo. Angalia huduma za ufikivu, na kama ipo gemu au zana iliyowashwa humo, izime kisha uiondoe. Angalia pia programu zenye mamlaka ya kusimamia kifaa, maana kirusi kilichojiweka humo hakiondoki mpaka kivuliwe mamlaka hayo kwanza. Ukishakuwa na shaka na simu, usibadilishe namba ya siri ya pesa kwenye simu hiyohiyo. Hamishia laini kwenye simu ya kitochi, ubadilishe huko, na uwapigie mtandao wako. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, na kwa *106# hakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nyumba ikiweza, mtoto achezee gemu kwenye simu isiyo na laini ya pesa, hata kama ni kuukuu.

Ninawaomba wazazi, walimu, mafundi na vijana wenyewe wa Kibiti, Ikwiriri na visiwani walichukulie hili kwa uzito unaostahili. Faili ambalo jina lake linasema uongo lisiingie kwenye simu, hata kama aliyelirusha ni rafiki na hata kama lengo lake ni kuchekesha. Aliyekwishalipokea asione aibu kusema, awaambie wenzake aliowarushia walifute. Utani tuufanye tukionana uso kwa uso.